Mwani Hauliwi Siku ya Mtihani

Kwa uliyelikosa gazeti la wiki jana, nikufupishie. Mimi ni Taegon, miaka hamsini na saba, dereva wa zamani wa basi mjini Gwangju, niliyerudi kwa mama yangu na begi moja. Kisiwa chetu kiko nusu saa kwa feri kutoka Wando, kusini mwa Korea. Huku mtu akikwambia ana kazi, ujue ni kazi ya mwani.

Mama ana miaka themanini na moja. Mwezi wa nne sufuria iliungua jikoni mpaka moto ukashika pazia. Kabla ya hapo funguo za gari zilipotea siku mbili, tukazikuta kwenye friji, juu ya bakuli la kabichi ya kimchi. Mara zote mama alisema, "Ni mimi, mwanangu. Ni uzee huu."

Dada yangu Okbun, anayekaa Gwangju, akasema imetosha, mama aende kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama akasema atatoka kwenye nyumba yake akiwa amebebwa.

Hapo ndipo walipokuja watu wa utafiti na kapsuli zao. Mwani wa kahawia, ule mchungu tunaoukata kwenye miamba, wameukausha, wameukamua, wamepata unga wanaodhani utasaidia kumbukumbu za wazee. Nasema wanadhani, kwa sababu wenyewe walisema hivyo. Walitaka wazee wa kuanzia miaka sitini, walioanza kusahau kidogo, wameze kapsuli mbili kila asubuhi kwa miezi sita. Wengine wangepewa za kweli, wengine unga mtupu, na hakuna ambaye angeambiwa kapewa zipi.

Mtihani wa kwanza mama alipata kumi na saba kati ya thelathini, akaandikishwa. Mimi na Okbun tukakubaliana: mtihani wa mwisho akipita ishirini, anabaki nyumbani na mimi namtunza. Asipopita, anaondoka.

Wiki jana niliishia pale Okbun aliponipigia simu kwamba anakuja na feri ya saa nne, fomu za nyumba ya wazee ziko kwenye mkoba. Leo nasimulia siku yenyewe. Nimechoka, mtanisamehe nikienda polepole.

Asubuhi hiyo niliweka kapsuli mbili mbele ya mama, na maji.

"Meza."

"Leo simezi."

"Mama, leo ndiyo siku ya mwisho. Usinianze."

"Leo ni mtihani. Hizi si mwani?"

Mtu yeyote wa huku anajua. Siku ya mtihani mwani hauugusi kwa mdomo. Unateleza, na wewe utateleza ufeli. Mimi nilifanya mtihani wa kuingia chuo siku yangu ya kuzaliwa, siku ambayo kila mtu lazima anywe supu ya mwani, na mama akaninyima hata kijiko. Nilifeli vilevile.

"Huu si mtihani wa shule, mama."

"Kuna maswali?"

"Yapo."

"Kuna maksi?"

"Zipo."

"Basi usinifundishe mtihani ni nini."

Alizikusanya kapsuli kwenye kiganja akaingia nazo jikoni. Aliporudi alikuwa na supu yangu ya maharage ya soya.

"Kula upesi, dada yako anakuja. Na usiache hata tone."

Nilikula. Ilikuwa chungu, kama ilivyokuwa chungu tangu mwezi wa tano. Nilishazoea. Niliwahi kumlalamikia akasema ulimi wake umezeeka, haonji vizuri, nikamwonea huruma nikanyamaza.

Na hapa nikiri jambo. Nilikuwa na kazi moja tu katika utafiti ule: kusaini kijitabu kila asubuhi kwamba nimemwona mama akimeza. Nilisaini miezi sita. Kumwona, sikumwona hata mara tano. Siku hiyo pia nilisaini, nikachukua koti.

Kwenye ukumbi wa kijiji tulikuta mlango umebandikwa peremende za kunata, kubwa kama vidole, juu mpaka chini. Ndivyo wazazi wanavyobandika kwenye mageti ya shule ili mtoto anate afaulu. Safari hii waliobandika ni akina bibi wenyewe, kwa ajili yao wenyewe.

Nesi Dahye wa utafiti, binti wa watu wa miaka kama ishirini na saba, alikuwa amesimama anajaribu kunasua mkono wa koti lake.

"Bibi zangu, nani kafanya hivi?"

"Ingia tu, mwanangu," alisema Bibi Sunnam, jirani yetu, bila kuinua macho kwenye karata. "Na wewe utafaulu."

Wazee kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, wanacheza karata na kuhojiana. Leo tarehe ngapi? Tuko msimu gani? Mia moja toa saba? Walikuwa wanajisomea kabisa.

Okbun aliingia na baridi yake. Alimwinamia mama, akamshika mkono, mimi akaniinamishia kichwa tu.

"Umekonda, mama. Huyu anakulisha?"

"Mimi ndiye ninayemlisha," mama alisema.

"Ndiyo maana unaunguza sufuria." Akanigeukia. "Umemkumbusha dawa leo?"

"Nimesaini," nikasema. Mnaona nilivyojibu.

Mama aliitwa wa kwanza. Chumba cha nyuma kina mlango wa kusukuma, mwembamba, kila kitu kinasikika nje kama redio. Nilikaa na Okbun tumepeana migongo. Tulimsikia mama akijibu tarehe, siku, jina la wilaya. Alitoa saba saba kutoka mia moja haraka kuliko muuza samaki. Yale maneno matano aliyopewa ayashike akayarudisha yote, kwa mpangilio.

Nesi Dahye alitoka na karatasi.

"Ishirini na nane," alisema. "Bibi, sijui nisemeje. Ishirini na nane."

Akina bibi walipiga makofi. Mimi nilijikuta nalia, mwanamume mzima, mbele ya watu wanaonijua tangu navaa nepi. Miezi sita nilikuwa nalala nusu jicho nikisikiliza kama mama kawasha jiko. Nilidhani nimepumzika.

Okbun aliisoma karatasi mara mbili. Akafungua mkoba, akarudisha bahasha ya fomu ndani.

"Haya," alisema. "Mkataba ni mkataba. Abaki."

Hadithi ingeishia hapo mngenilaumu kwamba nimewapotezea wiki. Haikuishia hapo. Bibi Sunnam alifungua pochi yake ya karata, akamwaga kapsuli sita mezani.

"Mwanangu nesi, nisamehe. Leo ni mwisho, sitaki kufa na vitu vya watu. Hizi ni za siku za mtihani. Mwezi wa saba mbili, mwezi wa tisa mbili, na za leo."

Nesi Dahye alizitazama. "Hukuzimeza?"

"Nimeze mwani siku ya mtihani?"

Wenzake wakaangaliana. Kisha mmoja akatoa sita kwenye soksi. Mwingine sita kwenye kasha la miwani. Dakika moja meza ilijaa, na Nesi Dahye alikuwa ameshika kichwa, sijui anacheka au anafanya nini.

"Hata wewe, bibi? Hata wewe?"

"Hata huyo," akasema Sunnam. "Tuliambizana. Tulijua utatugombeza."

"Sigombezi mtu. Siku tatu haziharibu kitu. Lakini utafiti unafungwa leo, kila kapsuli lazima niiandike ilikokwenda." Alizihesabu zote, akamgeukia mama. "Bibi, za kwako sita?"

Mama alikuwa anavaa skafu. "Mimi nilimeza."

Ukumbi mzima ulicheka.

"Wewe?" Sunnam alisema. "Wewe uliyemfukuza mjukuu wangu kwenye ua wako siku ya mtihani, eti kaja na harufu ya mwani mikononi? Muongopee mgeni."

"Basi nilitupa."

"Wapi, bibi?"

"Sikumbuki."

Neno hilo lilitua vibaya. Nilimwona Okbun akigeuka taratibu.

Nesi Dahye alikaa karibu na mama, akapunguza sauti. "Bibi, nisikilize. Ukiniambia hukumbuki dawa umeziweka wapi, hilo nalo ni jambo la kumbukumbu. Nalazimika kuliandika pembeni ya hizi maksi."

"Andika."

"Umesikia mwenyewe," Okbun aliniambia. Mkoba ulifunguliwa tena, bahasha ikatoka. "Anajibu maswali ya kwenye karatasi, maana wamekaririshana hapa tangu asubuhi, nimewasikia. Ila ya nyumbani hajui. Juzi funguo, jana sufuria, leo dawa. Kesho ni nini, Taegon? Kesho niitwe nije kuzoa majivu?"

Jamani, niliogopa. Nilimpigia mama magoti pale pale sakafuni.

"Mama, sema zilipo. Hata kama ni chooni, sema. Usiposema, dada anakuchukua leo na feri ya saa kumi. Umesikia? Leo."

Mama aliniangalia. Macho yake hayakuwa ya mtu aliyesahau kitu.

"Usinilazimishe, Taegon."

"Nakulazimisha. Sema."

Akavua skafu, akaikunja, akaiweka magotini.

"Alikula yeye," alisema.

"Nani?" Okbun akauliza.

"Huyu hapa. Nilifungua maganda nikamwagia unga kwenye supu."

"Ulimpa Taegon dawa yako? Kwa nini?"

"Yeye hakuwa na mtihani."

Akina bibi wakaangua kicheko, na mimi nilicheka nao, nikidhani yamekwisha. Sita tu. Supu tatu. Nani kafa kwa supu tatu?

Nesi Dahye hakucheka. "Siku za mtihani peke yake, bibi?"

Mama aliikunja skafu mara ya pili.

"Bibi?"

"Kila siku," alisema. "Tangu mwezi wa tano mpaka leo asubuhi. Ya kwanza niliionja. Miaka arobaini nimeushika mwani huo, ningekosa kuujua? Nikajua nimepewa za kweli, Mungu kanisaidia. Sikumeza hata moja."

Kwa hiyo ndugu wasomaji, utafiti wote ule niliumeza mimi, na kijitabu nimesaini mwenyewe.

Okbun alikuwa amesimama na bahasha mkononi. Dada yangu ni mwalimu wa hesabu, jambo likiwa na tundu analiona.

"Ngoja," alisema. "Hukumeza kitu. Na umepata ishirini na nane. Mwezi wa tano ulipata kumi na saba."

"Ile nilijikosesha. Sunnam alikuwa ametangulia, akapata zote, wakamwambia hafai, arudi wiki ijayo akiwa amechoka zaidi. Nikajua anayejibu yote hapewi dawa."

"Ulijifelisha ili upewe dawa ambayo huitaki."

"Niliitaka."

"Ya kumpa nani?"

"Wanapokea kuanzia sitini," mama alisema. "Yeye ana hamsini na saba."

Hakuna aliyecheka tena. Mtu mmoja alikusanya karata zake polepole. Mimi bado nilikuwa nimepiga magoti, na nilianza kuhisi joto la sakafu likinipanda.

Okbun aliuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sijaisikia kwake tangu baba alipofariki.

"Mama. Ile sufuria ya mwezi wa nne. Nani aliiacha jikoni?"

Mama aliangalia skafu yake.

"Na funguo?"

"Mwanangu, funguo ni kitu kidogo."

"Nani, mama?"

"Alichemsha maji ya tambi," mama alisema. "Akaenda kulisha mbwa."

"Tuna mbwa?" Okbun aliniuliza.

Hatuna. Mbwa alikufa nikiwa bado Gwangju.

Nikawaambia hapana, si kweli, mama anachanganya. Nikasema nakumbuka vizuri siku ile, nilikuwa nje. Nilikuwa nje nafanya nini, sikuweza kusema. Kila nilipofika hapo nilikuta pamefagiliwa.

Wiki kadhaa nyuma niliwaandikia hapa kwamba niliacha udereva kwa sababu msimamizi alinichukia. Wengi mlimtukana kwenye barua zenu, nikawashukuru. Leo niseme. Msimamizi hakunichukia. Mara mbili nilipita kona ya njia yangu mwenyewe, njia niliyoiendesha miaka kumi na tisa, nikaenda moja kwa moja mpaka abiria wakaanza kugonga viti. Mara ya tatu nilisimamisha basi nikauliza abiria tunaelekea wapi. Msimamizi alinipa mkono kwa adabu akaniambia nikapumzike. Sikumwambia mtu. Mama alijuaje, sijui.

"Miezi hii sita," mama alimwambia Nesi Dahye, "sufuria haijaungua. Funguo ziko msumarini. Mwandike hivyo."

"Siwezi kuandika hivyo, bibi. Huenda ni dawa, huenda ni wewe unayemfuata nyuma unazima jiko. Hatujui. Hata kwa waliomeza hatujui bado."

"Namfuata, ndiyo. Kuna ubaya?"

Okbun alinishika bega. Sikutegemea mkono wake uwe mwepesi vile.

"Mpime," alimwambia nesi.

"Si mshiriki wetu. Umri wake hautoshi."

"Mpime kama mtu tu. Nikitoka hapa nimwache mama na nani? Niambie. Mtunzaji ni nani kwenye nyumba ile?"

Nilitaka kusema ni mimi. Karatasi zote zilisema ni mimi.

Mama alisimama, magoti yakalia. "Leo hapana. Leo amekula mwani."

"Mama."

"Nimemwekea mwenyewe asubuhi, zote mbili, na kaimaliza supu. Mpimeni kesho. Kesho nitamwamsha mapema, nimpe keki ya mchele ya kunata, mtampima vizuri."

"Mama, feri ni saa kumi," Okbun alisema.

"Kesho kuna feri."

Sikuweza kumwangalia. Nilisukuma mlango wa chumba cha nyuma nikaketi kwenye kiti alichokalia mama. Nesi Dahye akaja na karatasi mpya. Okbun akasimama mlangoni, ndani.

Tarehe niliijua. Msimu niliujua. Wilaya niliijua, ila nilianza na ya Gwangju nikajirudi.

"Nitakutajia maneno matano, uyashike, nitakuuliza baadaye," nesi alisema. "Mwavuli. Daraja. Nyanya. Shangazi. Sindano."

Nikayarudia yote. Rahisi. Akanipa mia moja nitoe saba. Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa. Nikapata nguvu kidogo, nikamwangalia Okbun, akaniitikia kwa kichwa kama tulivyokuwa watoto. Nesi akaniambia nichore saa. Nikaichora.

"Vizuri, kaka. Sasa niambie yale maneno matano."

"Mwavuli," nikasema.

Akaandika.

"Nyanya."

Akaandika, akangoja.

Nilingoja pia. Nilijua yamebaki matatu. Nilijua nilikuwa nayo dakika chache tu zilizopita, mdomoni kabisa. Niliangalia saa niliyoichora, nikaangalia mikono yangu. Nikiyakosa, mama hana mtunzaji, na asiye na mtunzaji anaondoka na ishirini na nane zake mfukoni. Kadiri nilivyolifikiria hilo, ndivyo maneno yalivyozidi kwenda mbali.

Upande wa pili wa mlango, sauti ya mama ilipanda ghafla, ya mtu anayezungumza na kiziwi.

"Sunnam, yule shangazi yako bado yupo?"

"Shangazi gani? Nina miaka themanini na tatu mimi."

"Shangazi yako yule. Anayekaa ng'ambo ya daraja."

"Daraja lipi? Kisiwa hiki hakina daraja, una nini wewe?"

"Daraja, Sunnam. Daraja," mama alisema, na sauti ilianza kumkatika. "Niliyemwazima sindano."

Kisha nikamsikia Bibi Sunnam, taratibu, kwa sauti kubwa kama ya mama.

"Aa. Shangazi. Ndiyo, yupo. Sindano yako anayo."

Okbun alikuwa ameshika mlango. Angeweza kuufungua akawanyamazisha, lakini hakufanya hivyo. Aliinamisha uso, bahasha imemkunjika mkononi.

Nesi Dahye alikuwa amesikia kila kitu. Aliweka kalamu juu ya karatasi, kando ya mistari mitatu mitupu, akaniangalia usoni akangoja nijibu.